Muhidin Ashika Tena Gongo

Sumbawanga, 4 Juni 1953

Shemeji Hamis,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Duka linakwenda, na mtoto wetu Kulsumu ameanza kuota meno.

Kaka yako Muhidin amerudi uwanjani. Tangu mpira wa magongo umtoboe jicho kule Tabora, hakutaka hata kuliona gongo. Lakini shule ya hapa ilimwomba awafundishe vijana, akakubali. Jana nilikwenda kumtazama. Mwanafunzi mmoja, Oswaldi, alipiga mpira ukaruka, ukamjia usoni. Muhidin hakusogea. Nilipiga kelele. Ukampita sikioni.

Oswaldi akaanza kulia. "Nisamehe, mwalimu."

"Piga tena," Muhidin akamwambia, "ila upige chini."

Huo wa pili akauzuia kwa gongo, wakamshangilia. Nyumbani akaniambia kwamba ule wa kwanza hakuuona kabisa, na wa pili aliufuata kwa sauti yake kwenye majani makavu. Jicho lililobaki nalo limeingia ukungu.

Amenikataza nisikwambie. Njoo, shemeji, umpeleke kwa daktari. Mimi hanisikii, na kesho anarudi uwanjani.

Ni mimi shemeji yako,
Mwanaheri