Kisogo cha Mkwe Wangu

Garland, Jumapili, Agosti 2003

Sasa nitawajibu nini? Akina mama wa kanisa wamenikalia kooni. "Mama Rose, huyo mkweo ni mpole hivi hata nyumbani?" Jumapili ijayo tunachagua mzee wa kanisa, na jina lake limo.

Wanadhani namjua. Kwetu mama mkwe hakai karibu na mume wa binti yake, wala hampi mkono. Huku ugenini nyumba yenyewe ni hii moja, kwa hiyo mimi chakula nakula chumbani, na garini nakaa nyuma kama mzigo. Ninachokijua ni kisogo chake.

Lakini hata kisogo kinasema. Leo Rose alikuwa kazini hospitalini, tukarudi kutoka kanisani wawili tu. Kijana mmoja mwenye pikapu akatuingilia mbele ghafla, nusura atuue. Mkwe wangu mishipa ya shingo ikamtoka. Nikasogea kidogo nisikie vizuri, maana miezi yote hii nangoja kumfuma akitukana.

Kimya. Nikashindwa kuvumilia. "Wewe kwani hukasiriki?"

"Nimekasirika, Mama. Nimemtukana moyoni mpaka babu yake. Sasa namwomba Mungu anisamehe, ndiyo maana siongei."

Nilicheka mpaka kitambaa kikaniteleza kichwani. Angeniambia hana hasira, ningejua ni mwongo.

Nitawaambia akina mama wamchague. Yeye simwambii, asije akavimba kichwa. Na kiti cha mbele sikai ng'o, hata akiwa askofu.