Chupa ya Ussi

Jumapili, 2 Novemba 2025
Wiki ya pili tangu mume wangu Ussi arudishwe kutoka hospitali ya Riyadh. Daktari alisema halas, basi tena, mpelekeni nyumbani Jeddah, mumuuguze kwa raha. Raha gani, na tumbo limejaa saratani!
Leo kaja nesi wa kuhudumia majumbani. Keziah, Mkenya. Kiswahili chake kinakwenda mbio, hata salamu haijatulia. Kaleta chupa ya dawa ya maumivu na bomba lisilo na sindano. Ujaze mpaka mstari wa tano, kila baada ya saa nne. "Mama Faris, usiruke hata moja, sawa?" Anatabasamu sana. Mtu kaingia nyumba ya mgonjwa, anatabasamu nini?

Jumanne, 4 Novemba
Ussi kalala tangu adhuhuri mpaka magharibi. Nimemwita, kafumbua jicho moja, kaniita kwa jina la mama yake. Marehemu!
Wifi yangu Nusra kapiga simu toka Riyadh. Anasema hiyo ndiyo dawa ya kumalizia watu, wapate kitanda. Nikamwambia kitanda chetu wenyewe, wifi, nani anakitaka? "Wee cheka tu," kanijibu. "Mtu akifa kalewa dawa, shahada ataitoa saa ngapi?"
Neno hilo nimelala nalo. Miaka thelathini na mbili ya ndoa. Namwombea kitu kimoja tu — ulimi wake uwe wake siku hiyo.

Jumatano, 5 Novemba
Nimefanya. Mwanangu Faris alikuwa kazini. Nusu ya chupa nimeimwaga kwenye sinki, nikajazia maji ya Zamzam. Bismillahi nimesema. Nampa mstari wa tano uleule — sijaruka!

Alhamisi, 6 Novemba
Kaamka! Kataka uji. Kaonja kijiko, kaniuliza, "Mashavu, uji huu umeupika au umeufua?" Nimecheka mpaka nikalia. Kasoma Fatiha mwenyewe, taratibu, mpaka amin. Yule nesi alitaka kuninyima haya!

Jumamosi, 8 Novemba
Maumivu. Anauma mto. Tangu alfajiri hajalala hata kidogo. Uji mafi, maji mafi — hakuna, kwa Kiarabu cha huku. Najiambia ni maradhi yamezidi. Ndiyo, maradhi.
Keziah kaja. Kainua chupa dirishani, kaitazama muda. Kauliza, ni kila saa nne kweli? Nikamwambia wallahi kila saa nne. Nimeapa kweli, na hapohapo nimedanganya. Leo hakutabasamu. Ananishuku? Au mimi ndiye nimeanza kujishuku?
Alipokuwa anamgeuza Ussi alimpangusa jasho kwa mkono wake mtupu, bila glovu. Sikutaka kuliona hilo.

Jumapili, 9 Novemba
Faris kaomba ruhusa kazini, kashinda nyumbani. Nimemkuta na Keziah mlangoni wananong'ona. Nimeingia, wakanyamaza. Mwanangu wa kumzaa, na mgeni!
Nikajifanya natoka, nikasimama nyuma ya pazia. Kumbe wanazungumza kuhusu daktari. Keziah kampigia simu, kamwambia dawa haimshiki mzee kabisa. Daktari kasema kesho iletwe chupa mpya, kipimo kiwe mara mbili.
Faris kaja jikoni baadaye, macho mekundu. "Mama, siku mbili baba anapiga kelele hivi! Labda wamempa dawa mbovu. Nikimjua aliyeichezea, simsamehe duniani wala akhera."
Nilikuwa naosha kikombe. Nimekiosha mara tatu.

Jumatatu, 10 Novemba
Keziah na Faris wako chumbani kwa Ussi sasa hivi. Chupa mpya imefunguliwa. Nimemwona Keziah akivuta dawa — mstari wa kumi. Kumi, na dawa tupu! Mie skuli niliishia darasa la tano, lakini hesabu hii naiweza. Siku zote hizi mwili wake umepata nusu ya tano. Hizi za leo ni mara nne.
Ussi anasema, "Nipe, nipe, Mashavu, nipe." Halitaji jina la mama yake. Ananijua. Ndiyo nilivyotaka, Yarabi — anijue. Na ananiomba.
Nikasema ngojeni kwanza, nimletee maji ya kusukutulia. Faris kafoka, "Maji ya nini, Mama! Humwoni?" Keziah kashusha bomba. Kaniangalia tu.
Niko jikoni. Maji sijayachota, naandika. Nikinyamaza, pengine atalala tu, pengine hataamka tena. Nikisema — mwanangu atajua nani alimuumiza baba yake siku tatu. Na aliapa.
Anapiga kelele tena.
Nimefungua mlango kidogo. Nimeita. Si Faris. Nimesema, Keziah, mwanangu, njoo wewe peke yako, na usimpe bado.
Nasikia ndara zake zinakuja. Nyuma yake Faris anauliza, kuna nini?