Shikamoo kwa Ardhi ya Kilosa

Mama Rehema, mke wangu,

Nakuomba radhi kwa kukaa kimya tangu niondoke Korogwe. Sikutaka kukuandikia habari za kiwanja tulichopewa kabla sijakiona. Sasa nimekiona. Kipo katika mstari wa nyumba mpya za kijiji cha Ujamaa, karibu na Chanzuru, jirani na mwanetu Salimu.

Jana mchana tulikula kwa Bi Mwanaidi, mama mkwe wa Salimu. Mbuzi wake walinyamaza wote kwa pamoja. Kisha ardhi ikatetemeka, chungu cha mlenda kikasogea chenyewe juu ya mafiga, na vumbi likadondoka kutoka paani. Nikainuka.

“Kaa, mwalimu,” akasema Bi Mwanaidi. “Utakimbilia wapi pasipo na ardhi?”

Akaweka kiganja sakafuni, akasema, “Shikamoo.” Salimu na mkewe wakafanya vivyo hivyo. Tukangoja bila kutafuna. Ardhi ikatetemeka tena, kidogo tu.

“Ameitikia,” akasema, akaendelea kupakua.

Unajua nisivyopenda ushirikina. Hata hivyo, nilipotazama, kiganja changu nacho kilikuwa sakafuni, na sikumbuki kukiweka.

Ukuta wa nyumba ya Salimu una ufa wa kupenya kidole. Viongozi wa kijiji wanataka jibu iwapo tutahamia, nami nimewaomba waningoje. Usifunge mizigo wala kuwaaga majirani. Usibebe maji mwenyewe. Magoti yako yanahitaji kupumzika. Nikishaamua, nitakuandikia.

Mumeo akupendaye