Simu Inayojua Sura

Shoga weee, acha unachofanya usome!! Mama Pindo, mshonaji wetu, amempiga mdogo wake Bishoo kwa pasi. PASI! Ndani ya duka la simu, watu wote tunaangalia.

Bishoo alikuwa anaizunguka ile simu mpya, ya bei ya kichaa. Anaitaka, anaiogopa. Muuzaji akammaliza: "Kaka, bei ni kubwa, lakini hii inajua sura yako tu. Mwingine haimfungukii ng'o!" Basi jamaa akalipa, akasajili sura, meno yote nje kama bwana harusi.

Ndipo dada mtu akaingia na pasi mkononi. "Cherehani yangu iko wapi?"

Bishoo akaificha simu mgongoni.

"Nakuuliza, cherehani yangu umeiuza?"

Paa! Mdomo ukapasuka, damu ikaruka hadi kwenye kioo cha kaunta. Akamwongeza nyingine, jicho likafumba. Mlinzi alikimbia, nakuapia!!

Bishoo akainua simu awapigie polisi. Ikagoma. Akaipangusa damu, akainua tena. "Sura haitambuliki." Itaitambuaje, na uso ulishavimba kama puto?

Mama Pindo akamnyang'anya aibamize ukutani. Kuitazama tu, IKAFUNGUKA. Si unajua wale wawili wanafanana kama shilingi kwa ya pili?

Mama Pindo akaisokomeza kwenye sidiria, akaokota pasi yake, akamwambia muuzaji:

"Kumbe bei yake ni halali. Inamjua mwenye mali."