Mukuyu, waya wa shaba na mkono wa Papa

Jumamosi, siku ya posho kama tunavyosema huku. Mwezi wa kumi. Joto limekaa juu ya mtaa wetu wa Katuba tangu asubuhi, mawingu yanakuja kutuchungulia tu, halafu yanaondoka. Vidole vyangu vinanata utomvu. Nimenawa kwa sabuni, nimenawa tena, bado vinagandia kwenye simu ninapoandika.

Naandika haraka, kabla sijaanza kujiambia kwamba niliota.

Nina mti mdogo, haufiki gotini. Ni mukuyu, mtini wa mwituni, uliojiotea katika ufa wa ukuta wa bafu yetu. Fundi alipobomoa ukuta aliutupa juu ya vifusi, nikauokota. Mizizi yake ilikuwa bapa, imechukua umbo la matofali, nikashindwa kuuacha pale. Nikaupanda kwenye karai kuukuu lenye matundu chini. Kwenye simu nilikuwa nimeona jinsi Wajapani wanavyolea miti midogo ndani ya vyombo, bonsai, mti mzee kabisa unaotosha juu ya meza. Nikasema nami nijaribu. Mimi ni muuza dawa katika famasi ya mjini. Katika maisha yangu nilikuwa sijakata hata tawi la mpapai.

Mwezi uliopita nilikata.

Nilipoondoa tawi la kwanza, maziwa meupe yalichuruzika hadi kwenye kiganja changu. Nilisimama na mkasi hewani kama mwizi aliyekamatwa. Kisha nikaendelea: matawi yaliyopandana, majani yote, hadi ukabaki mti wa mifupa. Mama Kapinga, jirani yetu, aliniangalia juu ya ukuta, akachanganya Kifaransa kama kawaida yake.

"Mais, dada! Ile muti ilikukosea nini?"

Nilicheka. Usiku huo sikucheka. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini niliinama juu ya karai, na kila asubuhi palikuwa na fimbo tu.

Papa, baba yangu, naye alikuwa pale, kwenye kiti chake uani. Zamani alikuwa fundi umeme katika karakana ya reli. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha. Miguu ilirudi, maneno yalirudi. Mkono wa kulia ulibaki mapajani, umelala. Lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kutaka kitu. Ukimpa chai, anakunywa. Usipompa, hasemi. Alikaa akiutazama mukuyu kwa sababu ndio uliokuwa mbele yake. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Leo asubuhi nilikuwa nafua nyuma ya nyumba. Nikasikia Papa akiniita nije, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue.

"Mama! Kuya! Kuya uone!"

Ananiita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nilikimbia na povu mikononi, nikidhani ameanguka. Hakuwa ameanguka. Alikuwa ameinama, kidole cha mkono wa kushoto kikielekea kwenye shina.

"Muti iko natosha macho," alisema taratibu, kama mtu aliye kanisani. Mti unatoa macho: machipukizi.

Nilipiga magoti. Kwenye gome kavu, mahali ambapo hapakuwa na kitu, palikuwa na ncha nyekundu, ndogo kama kichwa cha kiberiti. Halafu nyingine. Halafu niliziona kila mahali. Zilikuwa zimekaa wapi muda wote huo? Ni nani aliyeziambia kwamba sasa ndiyo wakati? Tulikaa pale, Papa na mimi, tukizihesabu.

Kisha akauliza, "Na sasa?"

Nikamweleza kwamba sasa matawi yanafungwa kwa waya, yanapindwa polepole, hadi yazoee umbo lake. Nikamwonyesha waya wa umeme, wa shaba, niliokuwa nimeuvua plastiki. Akaujaribu kwa kidole gumba.

"Hapana. Iko nguvu sana, itavunja muti. Tuipike kwanza."

Tuipike! Nikawasha mbabula, jiko letu la makaa. Tukaulaza waya juu ya makaa hadi ukawa mwekundu, nikauchovya majini, ukatoka mweusi na laini kama uzi. Papa aliushika, na macho yake yakawa ya mtu aliye kazini.

Mimi nilishikilia tawi, yeye akazungusha waya kwa mkono wa kushoto, akiruka kila chipukizi. Katikati waya ulianza kulegea. Na hapo mkono wake wa kulia ukainuka. Ulitetemeka, ukafika kwenye shina, kidole gumba kikaubana waya.

Nililishikilia tawi palepale.

Papa alikuwa ameona pia. Aliuangalia mkono ule kitambo.

"Ah," akasema. "Huyu muvivu naye amefika."

Machozi yalinijaa, nikalipinda tawi bila kuliangalia vizuri. Tak! Likapasuka upande mmoja, maziwa yakatoka. Nilitaka kulinyoosha.

"Acha pale pale, Mama. Doucement, polepole. Usirudishe."

Tukalifunga kidonda kwa ukanda wa kitambaa, yeye akibana, mimi nikizungusha. Sijui kama tawi hilo litapona. Mkono wake ulirudi mapajani na haukuinuka tena leo. Niliujua uzito wake nilipokuwa nikiunawisha. Uleule wa kila siku. Sijui daktari atasema nini. Najua nilichoona.

Wakati wa kula, juu ya bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, Papa aliuliza:

"Muti ya vile inaweza ishi miaka ngapi?"

"Wanasema inaweza kutupita sisi wote, Papa."

Akamalizia tonge lake.

"Basi, tuifunge muzuri."

Sasa amelala, na mimi nimetoka tena uani kuuangalia. Nilidhani mimi ndiye ninayeupa mti huu umbo. Leo sina hakika ni nani anayempa mwenzake umbo.

Kesho, tukitoka misa, ni tawi la juu. Ndilo nene kuliko yote. Je, safari hii nitaweza kulipinda nikiwa nimefumbua macho, bila machozi?