Binti Yangu Ndiye Aliyefungua Geti, Mtoto wa Watu Akafukuzwa Kambini

Mpendwa Bi Ottilie, naomba msaada wako kabla sijapandwa na wazimu, na naomba pia utubadilishie majina, maana mji wetu ni mdogo na gazeti lako husomwa mpaka kwa kinyozi.

Mimi ni mke wa mkulima, nina miaka arobaini na mmoja, tunafuga ng'ombe wa maziwa sitini hapa Wisconsin, na kwa kuwa maziwa peke yake hayatutoshi tena, huu ni mwaka wa nne kila kiangazi mama mkwe wangu, Arlys, anaendesha kambi ya watoto wa mjini hapa hapa shambani, wanaletwa saa mbili asubuhi na kuchukuliwa saa kumi jioni, watoto ishirini na wawili na mabuti yao ya mpira, na nasema anaendesha yeye kwa sababu jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kibao, lakini anayepaka mikate siagi ya karanga kwa watoto ishirini na wawili ni mimi, anayetafuta buti la kushoto lililozama kwenye matope ni mimi, na anayepigiwa simu na mzazi anayetaka kujua kwa nini mwanawe amerudi ananuka samadi ni mimi. Mama, ni shamba! Ulitaka anuke waridi?

Lakini si hayo yaliyonifanya nikuandikie.

Nina binti mmoja, Signe, ana miaka kumi na mmoja. Huyu huamka saa kumi na moja alfajiri, hunywesha ndama maziwa, hutandika majani makavu zizini, halafu watoto wa kambi wakifika inabidi awaonyeshe jinsi ya kunywesha ndama walewale walioshiba, nao wanamwaga, wanacheka, wanapigwa picha, na wakishaondoka ni Signe anayeosha ndoo. Kisha kuna mtamba wake, Dagny, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, aliyemlea tangu siku aliyozaliwa ili ampeleke kwenye maonyesho ya kilimo mwezi wa nane. Watoto wa kambi wamembatiza Biskuti, na mtamba mwenyewe, msaliti, ameanza kuitika.

Kati ya watoto hao alikuwemo mmoja, Odessa, ana miaka tisa. Mama yake, Renata, ni mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee mjini. Mama mkwe alimpenda sana Odessa, kwa sababu haogopi ng'ombe na anauliza maswali ya maana, basi Jumatatu moja asubuhi akamkabidhi kamba ya Dagny amzungushe uwanjani mbele ya wazazi.

Signe akasema, "Bibi, huyo ni wangu."

"Ni wa shamba, mjukuu wangu. Na usininunie mbele ya wageni."

Wazazi wakacheka. Kesho yake Signe akanijia jikoni kuniomba siku moja tu ya kwenda ziwani kuogelea na rafiki yake, nami nikamwambia muulize bibi yako, bibi yake akamjibu kwamba ng'ombe hawana likizo, nikasikia kwa masikio yangu mawili, nikaendelea kupaka mikate.

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, Signe alitoka akidai anakwenda chooni. Robo saa baadaye mitamba kumi na wanne walikuwa nje ya uzio, wakakatiza shamba la mahindi la jirani, wakatokea barabara kuu, na lori la kubebea maziwa lilikuwa linakuja. Dereva alijitahidi kuwakwepa, akaishia mtaroni, akavunjika kifundo cha mkono. Mtamba mmoja, si Dagny, aligongwa akavunjika miguu, ikabidi mume wangu, Verlyn, ammalize kwa bunduki palepale. Mimi nilikuwa nimewafungia watoto ndani ya banda la matrekta, nikiwaimbisha kwa sauti ya juu ili wasisikie. Walisikia.

Mama mkwe akaingia bandani. "Nani alikuwa wa mwisho getini?"

Watoto wote wakamgeukia Odessa, maana walimwona akirudi kumuaga Dagny kabla ya chakula.

"Nilifunga," akasema. "Nilifunga na mnyororo, nikauzungusha mara mbili kama ulivyonifundisha."

"Mnyororo haujifungui wenyewe, mtoto wewe."

"Bibi Arlys, nilifunga!"

"Usiniongezee uongo juu ya msiba!"

Renata akaitwa kutoka kazini aje kumchukua, akaambiwa mbele ya kila mtu asimlete tena. Signe alikuwa amesimama nyuma yangu, ameng'ang'ania shati langu. Nikadhani ni woga tu.

Jumapili alfajiri tukiwa tunakamua, akaniuliza, "Mama, yule mtamba aliumia kwa muda mrefu?"

Nikamwambia hapana.

"Ni mimi niliyefungua. Nilitaka tu watoto warudi kwao. Siku moja tu, Mama." Akatapika pale pale kwenye mfereji wa zizi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Verlyn. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kambi inaisha baada ya wiki mbili. Tukisema sasa, wazazi watawatoa watoto wao, na mama yangu itamuua aibu. Yule mtoto atapata kambi nyingine."

"Ipi, Verlyn? Nitajie moja tu hapa karibu."

Akavaa kofia akatoka. Huyu mwanamume kila akiulizwa swali hukumbuka kuna trekta inamsubiri.

Nami nikanyamaza, Bi Ottilie, nasema kweli, nikajiambia labda Verlyn ana hoja, mpaka jana dukani nilipokutana ana kwa ana na Renata kwenye rafu ya jibini. Nilitaka kugeuza toroli, akaniwahi. Akanishika mkono akasema, "Corinne, samahani sana kwa aliyoyafanya mwanangu. Bado anakataa kukiri, lakini nakuahidi simwachi mpaka aseme kweli." Akaniambia siku hizi anakwenda naye kazini, anamkalisha kwenye chumba cha wafanyakazi tangu asubuhi mpaka jioni, na televisheni amemzimia kama adhabu. Na mimi, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Usijali, watoto ni watoto."

Signe naye amekuwa kivuli, anafanya kazi zote bila kuambiwa, hata za watoto wa kambi. Mume hataki kusikia, mama mkwe hajui lolote na namwogopa kuliko ninavyoogopa radi, kila mtu katika nyumba hii ana la kufanya isipokuwa kuzungumza. Nikisema, namtupa mwanangu mbele ya mji mzima awe ndiye mtoto aliyevunja mkono wa dereva. Nisiposema, nitawezaje kumtazama usoni? Nifanye nini?

Corinne


JIBU LA BI OTTILIE

Corinne, pole. Nimekulia zizini, najua uchovu wa mwezi wa saba ulivyo, na nakuamini unaposema umechoka. Sasa huruma yangu nimeimaliza, nisikilize.

"Watoto ni watoto." Mwanamke mwenzio amekushika mkono kukuomba radhi kwa kosa la mwanao, ukampa hilo, ukachukua jibini yako ukaenda zako? Wewe ulijua. Binti yako alinyamaza bandani akiwa na miaka kumi na mmoja na hofu ya bibi yake. Wewe ulinyamaza dukani ukiwa mtu mzima. Usimpe mtoto sehemu yako ya hatia.

Unaniuliza kama kusema ni kumtupa mwanao. Mwanao alishasema! Alikuja kwako alfajiri, akautoa ukweli wote, akatapika. Akatazama mtamfanyia nini, wewe na baba yake. Hadi leo anaona hamfanyi chochote, na ndiyo maana anakuwa kivuli. Huyo mtoto anangoja kuadhibiwa na hakuna anayejitokeza.

Na kuna mtoto mwingine, amekaa kwenye chumba cha wafanyakazi anatazama televisheni iliyozimwa, anabanwa kila siku aseme uongo ili aitwe mkweli. Siku atakayochoka atakubali kosa ambalo si lake. Hiyo siku ikifika kabla yako, Corinne, usiniandikie tena.

Leo hii, mkishamaliza kukamua, mwambie mama mkwe wako. Mezani, Signe akiwepo, Verlyn akiwepo, na trekta ifichwe funguo. Sema wewe kwanza, maana wewe ndiye mkubwa uliyeficha, kisha Signe aseme yake kwa maneno yake. Bi Arlys akifoka, afoke. Hajawahi mtu kufa kwa kufokewa na mama mkwe. Mimi nilifokewa miaka thelathini na mmoja.

Kesho Ijumaa, Renata akitoka kazini, mwende kwake ninyi watatu, wewe, Verlyn na Signe. Usimpigie simu, usimwandikie ujumbe, wala usimpelekee keki. Mgonge mlango mkiwa mikono mitupu. Na Verlyn mwambie nimesema hivi: mtoto aliyesema "nilifunga" alikuwa na ujasiri kukushinda wewe mwenye bunduki.

Odessa aliitwa mwongo mbele ya wenzake, kwa hiyo mbele ya wenzake ndipo asafishwe. Bi Arlys asimame Jumatatu asubuhi, watoto na wazazi wakiwepo, aseme alikosea. Dereva naye aelezwe, na watu wa bima pia. Wazazi wakiwatoa watoto wao, watawatoa. Kambi inayosimama juu ya mgongo wa mtoto wa miaka tisa acha ianguke.

Signe apewe adhabu inayoeleweka, yenye mwanzo na mwisho, kisha mwache apumue. Mtamba wake asiguswe na mtoto mwingine bila ruhusa yake. Na kila wiki awe na siku yake mwenyewe, utakayompa wewe, mama yake, bila kumtuma aombe kwa bibi. Alikuomba siku moja. Ungempa hiyo siku, leo mngekuwa na mitamba kumi na wanne.


Jibu hilo nilimtumia Corinne kwa barua pepe Alhamisi ileile barua yake iliponifikia kwa njia hiyohiyo, kwani nafasi ya gazetini ilikuwa ya mwezi ujao na jambo lenyewe lilikuwa halingoji. Haya aliniandikia baadaye, na amekubali niyachape:

Bi Ottilie, nilikukasirikia mpaka saa kumi jioni, kisha nikafanya ulivyosema.

Mama mkwe hakufoka. Ingekuwa heri angefoka. Alisikiliza, akainuka, akaosha sahani moja kwa muda mrefu, akasema akiwa ametugeuzia mgongo, "Nilimwita mwongo mtoto aliyenisikiliza kuliko wote." Jumatatu alisimama uwanjani, akayasema yote bila kumtaja Signe kwa jina, Signe akainua mkono mwenyewe. Wazazi watatu wamewatoa watoto wao. Dereva wa lori alicheka kwa uchungu, akasema Signe ataandika barua zake zote mpaka mkono upone, na kweli anakwenda kila Jumamosi kumwandikia.

Lakini ninachotaka kukueleza ni Ijumaa, kwa Renata. Alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi. Signe alianza kabla yangu, aliongea haraka mno, alirudia mara mbili. Verlyn alivua kofia akasema, "Mimi nilijua tangu Jumapili. Nilimwambia mke wangu anyamaze." Nami nikasema nilijua pale dukani.

Nilijiandaa kutukanwa. Renata hata hakututazama. Aligeuka, akapiga magoti mbele ya Odessa aliyekuwa amesimama pale kwenye korido na soksi mguu mmoja.

"Siku tisa nakuita mwongo," akamwambia.

"Nilikwambia nilifunga."

"Uliniambia."

"Nilikwambia kila siku."

"Kila siku, mwanangu. Uliniambia kila siku."

Alimkumbatia hivyo kwa muda, sisi tumesimama kizingitini hatujui mikono tuiweke wapi. Kisha Renata akasema bila kugeuka, "Asanteni kwa kuja. Sasa nendeni."

Tukaenda. Odessa hajarudi kambini, na Renata hapokei simu zangu. Nimempigia mara nne. Niende tena kwake?

Corinne


Hapana. Mara nne ni nyingi, na unajua unachotafuta kwenye hizo simu: unataka akwambie yamekwisha ili wewe ulale. Hiyo si kazi yake. Mlipeleka mlichotakiwa kupeleka, mkaondoka mlipoambiwa mwondoke, hayo mmeyafanya vizuri. Weka simu chini. Akikupigia yeye, pokea.

Bi Ottilie