Mikeka ya Sponji Chumbani kwa Mama

Jumamosi, 2 Machi

Nimemaliza! Shali ya bibi harusi imetoka kwenye sindano leo asubuhi. Nyeupe, pana, na kwa sasa mbaya kama tambara la kudekia. Ndivyo ilivyo kazi ya matundu – mpaka ioshwe, itandazwe mbichi na kubanwa kwa pini ikauke, ndipo maua yafunguke. Kijigodoro nilichokuwa natandazia kimeoza kwa maji, nimekitupa. Nahitaji mikeka ya sponji. Na upesi, shali inachukuliwa Ijumaa.

Mama kaipapasa, kasema mkono wangu sasa umeupita wake. Nikajifanya sikusikia. Nilisikia, jamani!

Jumatatu, 4 Machi

Kutwa nzima kwa miguu. Duka la vifaa vya watoto wana mikeka ile ya kuunganisha meno kwa meno, nyekundu na bluu. Nikatia mate kidoleni, nikasugua – kidole chekundu! Shali nyeupe juu ya hiyo? Labda bibi harusi awe anakwenda buchani. Muuzaji akaja juu: mama, unanunua au unalamba? Duka la vifaa vya mazoezi nako migumu, pini inapinda. Ile myembamba ya duka la tatu, pini inatokea upande wa chini na kutoboa sakafu.

Mwisho nikafika kwa fundi magodoro. Nyuma ya karakana ana vipande vya kijivu, vinene, havichuji rangi. Pini inazama na kutulia. Moyo ukasema ndivyo hivi. Vinanuka tu, petroli na gundi. Fundi mwenyewe kaniambia bado vibichi, vimegandishwa kwa gundi juzi, nivianike nje wiki nzima na nisilale navyo chumba kimoja. Nikamjibu nabania shali, silalii. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wiki nzima nitaitoa wapi?

Jumanne, 5 Machi

Nje hakufai. Barabara inachimbwa, vumbi jekundu limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Chumbani kwangu kitanda na cherehani, basi, mtu anapita ubavu. Ukumbini ndiyo njia ya kila mtu. Chumba cha Mama ndicho chenye sakafu. Nikamuuliza. Lete, kasema, nitakuwa mlinzi wake.

Nikafunga dirisha, nikaunganisha vipande kwa utepe wa gundi toka ukutani hadi mguuni pa kitanda, nikabana pini moja baada ya nyingine. Mama kitandani ananielekeza – vuta huko, mwanangu, usiuonee uzi huruma! Tumecheka kama zamani, aliponifundisha kushika sindano. Na pindo lilipofunguka – lo! Mama kapiga makofi.

Harufu ipo. Itazoeleka.

Jumatano, 6 Machi

Mama kaamka na kichwa. Chai kaiacha nusu. Kile kifua chake cha siku zote kimeanza kupiga filimbi. Nikamwambia ahamie kwangu, kakataa. Eti mgongo wake na kitanda changu haviivi chungu kimoja. Kheri ni moja, hakuna mbu! Hata mmoja. Chandarua hakushusha.

Shali bado mbichi katikati. Bila upepo inajivuta tu.

Mchana mdogo wangu kaja kumwona Mama. Hata hakukaa. Machozi yanamtoka, anafoka – dada, una wazimu? Fungua dirisha! Nikamwambia vumbi. Basi toa shali! Nikamwambia kitu kikishabanwa hakiguswi mpaka kikauke, ukikigusa kinajikunja, kazi ya miezi inakwenda na maji. Yeye atajuaje, hajashika sindano maishani mwake. Mama akadakia: mwache mwenzio afanye kazi. Kaondoka bila kuaga. Kesho eti anakuja na gari ampeleke Mama kwa daktari. Aje, nani kamkataza?

Nimekasirika. Na naogopa kidogo. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi. Mama kakohoa usiku kucha. Midomo yake ina rangi nisiyoipenda. Nikamwambia, kasema ni huo mwanga wa dirishani.

Nikajaribu kuitoa mikeka na shali yake juu, vile vile ilivyobanwa. Mlangoni haipiti. Ukiikunja pini zinafyatuka. Mama akaniona nahangaika, akaniita jina langu la utotoni. Usiharibu, kasema, kesho wanachukua, mimi sina neno. Pumzi ikamkatikia kwenye “neno”. Nikafungua dirisha. Vumbi likaingia lote kwa pamoja. Nikafunga.

Mchana. Mdogo wangu kapiga simu. Gari limezuiwa huko wanakochimba, anakuja kwa miguu. Kauliza Mama vipi. Anakohoa, nikasema. Akapiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio – mtoe humo! Mtoe sasa hivi, shali na ikafie mbali! Nikasema sawa.

Nimesema sawa. Lakini nimeigusa katikati, imebaki unyevu wa kiganja tu. Kidogo sana. Nikimtoa Mama sasa itabidi nimburute juu ya pini, hakuna pa kukanyaga, nimejaza sakafu yote. Ikikauka naibandua mara moja, nampisha njia, namleta huku ukumbini kwenye hewa. Nimekaa hapa maana mle macho yanawasha. Mlango nimeuacha wazi kidogo nimsikie.

Kikohozi kimetulia! Afadhali. Hajapata usingizi tangu juzi, masikini. Hata ile filimbi ya kifua siisikii. Nimemwita polepole, hakuitika. Kalala fofofo.

Huyo mdogo wangu kafika, anagonga kwa ngumi kama anavunja. Sisi viziwi? Naenda kumfungulia. Nimwambie avue viatu na asipige kelele, Mama ndiyo kwanza kapata usingizi.